Mtoto wa sikoseli anayekojoa kitandani: mwongozo kamili kwa mzazi asiyetaka kumnyima maji

Kitanda kikilowa wiki nzima mfululizo, wazazi wengi wa mtoto mwenye sikoseli hukimbilia kufunga maji. Magharibi ikiingia, kikombe kinaondolewa, na mtoto akisema ana kiu anaambiwa anywe kidogo tu, au asubiri asubuhi. Kwa mtoto mwingine huo ungekuwa usumbufu wa usiku mmoja. Kwa huyu ni hatari. Mwili ukipungukiwa maji, seli nyekundu za damu zinapinda na kuziba mishipa, na saa nane za usiku nyumba nzima iko macho kwa sababu mtoto analia mgongo na miguu. Kitanda nacho kimelowa vilevile.

Kwa hiyo kila kitu humu kimejengwa juu ya sharti moja: maji ya mtoto hayapunguzwi. Saa za kunywa zinaweza kuhamishwa, njia ya chooni inaweza kurahisishwa, na kitanda kinaweza kutandikwa kwa akili. Kiasi cha maji hakiguswi.

Kinachotokea ndani ya figo

Sehemu ya ndani ya figo ina oksijeni kidogo, chumvi nyingi na asidi, hata kwa mtu mwenye afya njema. Mambo hayo matatu ndiyo hasa yanayoifanya himoglobini S, ile himoglobini yenye kasoro ya sikoseli, ishikamane na kuipinda seli. Vijishipa vya huko ndani huanza kuumia mapema mno, kwa watoto wengi wenye SS (waliorithi himoglobini S kwa baba na kwa mama) kabla hata hawajaanza shule, na kazi inayodhoofika kwanza ni ile ya kurudisha maji mwilini. Figo yenye afya hukamua mkojo jinsi mtu anavyokamua shuka: maji yanabaki mwilini, kinachotoka ni kidogo na kimekolea. Figo ya mwenye sikoseli haina nguvu hiyo ya mkono. Maabara inaeleza hivi: mkojo wa mtu mwenye figo nzima unaweza kukolea hadi miliosmoli (kipimo cha ukolevu) 900 au hata 1,200 kwa kilo, wakati wa mwenye SS huishia karibu 400 au 450. Ili atoe uchafu uleule, anahitaji kutoa maji zaidi ya mara mbili.

Usiku ubongo hutoa homoni inayoiambia figo ishikilie maji mpaka asubuhi. Kwa mtoto huyu homoni ipo na amri inafika. Figo ndiyo isiyoweza kuitekeleza. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye dawa.

Ndiyo maana jambo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 uliwakuta karibu theluthi moja ya watoto na vijana wenye sikoseli wakikojoa kitandani. Kwa wenye miaka 6 hadi 8 walikuwa asilimia 42, na kwa wenye 18 hadi 20 walikuwa bado asilimia 9. Tanzania inakadiriwa kuzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye sikoseli kila mwaka, kwa hiyo ukikaa kwenye benchi la kliniki, jua kwamba mama wa kulia na mama wa kushoto huenda nao wameanika godoro asubuhi. Hakuna anayelisema tu.

Hatua ya kwanza: pitia kliniki, ujue kisichosubiri

Chini ya miaka 5 usihangaike, mtoto yeyote wa umri huo anaweza kulowanisha kitanda. Kuanzia miaka 5 au 6, mweleze mhudumu wa kliniki ya sikoseli na uombe kipimo cha mkojo. Ni kipimo rahisi, na kinaangalia maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), sukari, damu na protini kwa mara moja.

Yapo mambo ya kuharakia. Mtoto aliyekuwa mkavu kwa miezi sita au zaidi kisha akaanza tena, hana budi kuangaliwa upya: huenda ana UTI, huenda ni kisukari, na huenda kuna jambo linalomtesa shuleni au nyumbani ambalo hajalisema. Kukojoa kwa maumivu nako kunahitaji kipimo. Homa ya nyuzi 38.5 au zaidi kwa mtoto wa sikoseli ni dharura siku hiyohiyo, kitanda kiwe kimelowa au kikavu.

Damu kwenye mkojo ina mizizi miwili mikubwa kwetu. Sikoseli yenyewe inaweza kuumiza ncha za ndani za figo zikatoa damu. Lakini kama mnaishi Pemba, Unguja, ukanda wa pwani au mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mtoto anaogelea madimbwini au kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, kichocho nacho kimo. Usiamue mwenyewe ni kipi. Peleka mkojo ukapimwe.

Na hili lisome mara mbili. Mtoto akiamka amelowa huku mdomo umepinda, mkono au mguu mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki vizuri, au ameng'ata ulimi na amechanganyikiwa, hapo habari si ya kibofu tena. Inaweza kuwa kiharusi au degedege la usiku. Usimbadilishe shuka, mkimbize hospitali.

Hatua ya pili: daftari la wiki moja

Kabla ya kubadili chochote, andika kwa siku saba. Daftari la shule la kurasa 40 linatosha. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

Jumatatu. Chupa ya shule imerudi na maji nusu. Amefika ana kiu, vikombe vitatu papo hapo. Usiku wali na maharage, chai ya rangi saa mbili. Kalala saa tatu. Saa sita pakavu, saa kumi pamelowa. Choo kikubwa hakuna tangu Jumamosi. Anakoroma.

Ukurasa huo mmoja umeshasema mambo manne ya kushughulikia: maji ya shule hayamalizwi, chai inakuja usiku, choo kimefunga, na kuna kukoroma. Mzazi asiyeandika huona jambo moja tu, shuka lililolowa.

Sasa pima. Nunua jagi ya plastiki yenye alama za mililita, iwe ya kazi hiyo tu. Jumamosi na Jumapili mtoto yuko nyumbani, akojoe humo kila anapoenda, nawe uandike mkojo mkubwa kuliko yote wa mchana. Ule wa kwanza baada ya kuamka usiuhesabu hapa. Ukubwa wa kibofu hukadiriwa kwa kuchukua umri, kuongeza moja, kisha kuzidisha kwa 30. Mtoto wa miaka 7 anatarajiwa kubeba karibu mililita 240.

Halafu kadiria wa usiku. Kama anavaa nepi, ipime kwenye mizani ya jikoni ikiwa kavu na ikiwa imelowa. Kila gramu iliyoongezeka ni mililita moja. Jumlisha na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukikuta kibofu kinabeba 200 na usiku umetoa 500, umepata jibu la hesabu: hakuna fimbo wala maombi yatakayoingiza 500 ndani ya 200. Mtoto huyo anahitaji kukojoa mara mbili kati ya kulala na kuamka. Mimi naona hesabu hii inafaa kufanyika mbele ya baba na bibi, wote waione, kwa sababu inamaliza ubishi wa "anafanya makusudi" kuliko mahubiri yoyote.

Hatua ya tatu: hamisha saa za maji

Kiasi gani kwa siku? Hospitali hutumia kanuni hii: mililita 100 kwa kila kilo ya zile kumi za kwanza, 50 kwa kila kilo ya kumi zinazofuata, na 20 kwa kila kilo inayozidi hapo. Mtoto wa kilo 20 anapata lita moja na nusu, wa kilo 30 anapata lita 1.7. Uji, maziwa, supu na juisi vinahesabika humo. Hicho ni kiwango cha siku ya kawaida. Joto la Dar es Salaam mwezi wa pili, homa, kuharisha au michezo vinakipandisha, na kama kliniki imekupa kiwango chako, fuata hicho.

Gawanya hivi: sehemu mbili kati ya tano tangu anapoamka mpaka saa sita mchana, mbili nyingine mpaka saa kumi na moja jioni, na moja iliyobaki mpaka kulala. Kwa yule wa kilo 20 ni 600, 600 na 300. Na baada ya hapo, akiwa na kiu usiku, anywe. Kikombe kinabaki karibu na kitanda.

Kazi yote iko mchana, na mchana wa mtoto uko shuleni. Hapo ndipo mpango huu unapokwama. Mtoto anapewa chupa asubuhi na inarudi jioni imejaa, mzazi anadhani ni uzembe. Muulize taratibu utasikia mengine: choo cha shule kinanuka, mlango haufungi, foleni ni ndefu, au mwalimu amesema ruhusa ni moja tu kwa kipindi. Kwa hiyo haendi chooni, na ili asiende chooni, hanywi. Anafika nyumbani saa kumi na moja amekauka, anakunywa lita nzima kabla ya kulala, na figo inaitoa usiku kucha. Usipoutatua mchana wa shule, utapigana na usiku bila mafanikio.

Anza na mwalimu wa darasa. Nenda mwenyewe na kadi ya kliniki: "Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana sikoseli. Daktari ameagiza anywe maji darasani, na akihitaji chooni aende bila kuzuiwa. Naomba tukubaliane ishara, asilazimike kusema mbele ya wenzake." Walimu wengi hukubali wakiambiwa mapema. Chupa ya nusu lita iliyochorwa mstari kwa kalamu ya wino, mpaka hapa kabla ya mapumziko ya uji, iliyobaki kabla ya kengele ya mwisho, inamsaidia mtoto kuliko maneno "kunywa maji mengi".

Jioni ondoa chai, kahawa na soda za kola. Vina kafeini, inayosukuma mkojo. Punguza pia chumvi ya usiku: krispi, karanga za chumvi, chipsi zilizonyunyizwa kupita kiasi. Chumvi inaleta kiu, na figo hii inahitaji maji mengi kuitoa. Chakula chenyewe kisikaushwe ati ili apunguze mkojo. Mchuzi ni maji yake kama yalivyo mengine.

Mwezi wa Ramadhani, kijana wa sikoseli atataka kufunga na wenzake. Kufunga kunamkausha mchana wote na kusukumia maji yote kati ya futari na daku, yaani mambo mawili mabaya kwa pamoja. Mgonjwa ana ruhusa yake ya kutofunga. Zungumzeni na daktari kabla mwezi haujaandama.

Hatua ya nne: choo, kidogo na kikubwa

Mchana akojoe kila baada ya saa mbili au tatu, asisubiri abanwe. Kuna watu hushauri mtoto azoezwe kubana ili kibofu kipanuke. Kwa mtoto huyu achana nalo, kinachopatikana ni UTI. Msichana akae vizuri au achuchumae kwa utulivu, amalize yote, asikimbie. Kabla ya kulala akojoe mara mbili: mara moja mnapoanza kujiandaa, na tena baada ya dakika kumi na tano hivi, dakika ya mwisho kabla ya kupanda kitandani.

Choo kikubwa kigumu kinakigandamiza kibofu kutoka nyuma. Papai, machungwa, matembele, maharage na yale maji ya mchana hutatua kwa wengi. Kama bado anapata choo mara mbili tu kwa wiki, au kinamuumiza, kliniki wana dawa ya kulainisha. Wazazi hushangaa kuona kitanda kinaanza kukauka baada ya tumbo kufunguka, lakini ni jambo linalojulikana vizuri.

Hatua ya tano: kuamsha

Kwa watoto wengine madaktari hawasisitizi kumwamsha mtoto, kwa hoja kwamba hakumfundishi kitu. Kwa mtoto wa sikoseli mwenye hesabu ya 500 ndani ya 200, kuamsha ni njia halali ya kuokoa kitanda.

Daftari lako linakuonyesha saa inayolowa. Mwamshe nusu saa au saa moja kabla yake. Wengi hufaa kwa mara mbili: wewe unapokwenda kulala, saa tano hivi, na tena alfajiri, saa tisa au kumi. Washa taa, mwite jina, mkalishe, ajibu swali dogo, kisha aende kwa miguu yake. Mtoto anayebebwa begani akiwa usingizini anakojoa, ndiyo, ila asubuhi hakumbuki chochote. Akifika miaka 9 au 10 mpe kengele ya simu aiweke mwenyewe, na wewe uwe wa akiba tu.

Choo kiwe karibu. Kama ni cha nje, usimtoe mtoto huyu kwenye baridi na giza saa tisa za usiku. Weka poti au ndoo yenye mfuniko chumbani, na taa ndogo ya sola. Akirudi kitandani, chandarua kichomekwe upya chini ya godoro pande zote. Malaria kwa mwenye sikoseli inaua, na chandarua kinachofunguliwa mara mbili kila usiku husahaulika.

Zipo pia kengele maalumu zenye kihisio kinachofungwa kwenye nguo ya ndani, zikigusa unyevu zinalia. Zinahitaji miezi miwili au mitatu ya uvumilivu na mzazi wa kuamka nazo, na madukani kwetu si rahisi kuziona. Ukiipata, jaribu, mradi mtoto mwenyewe ameridhia.

Hatua ya sita: kitanda

Godoro la sponji likishanyonya mkojo halisahau. Lilinde kabla. Kinachofaa ni ule mpira ambao mama mjamzito huagizwa kwenda nao kujifungua, unauzwa duka la dawa, au nailoni nzito ya mezani. Tandika kwa tabaka mbili: godoro, mpira, shuka, kisha juu yake tena mpira wa pili na shuka la pili. Usiku kukilowa, unavuta tabaka la juu lote na kulitupa kwenye beseni, na chini kuna kitanda kikavu kilichokwisha tandikwa. Dakika mbili, macho hayajazoea taa, mmelala tena.

Juu ya mpira weka kitu kizito cha kunyonya, taulo kuukuu au kanga mbili zilizokunjwa. Mpira mtupu chini ya shuka jepesi unamtoa jasho, na jasho ni maji. Nepi kubwa za usiku si aibu kwa safari au usiku wa ugeni, mradi mtoto amekubali na hazijawa kisingizio cha kuacha mengine.

Godoro lililokwisha kulowa: kandamiza kwa kitambaa kikavu, pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kisha jua kali. Lianike nyuma ya nyumba. Mtaa mzima hauna haja ya kulisoma.

Asubuhi, na baridi

Baridi ni miongoni mwa vitu vinavyochochea maumivu makali ya sikoseli, na nguo iliyolowa alfajiri ni baridi iliyogusa ngozi kwa saa kadhaa. Njombe, Makete, Mbeya au Lushoto, kati ya Juni na Agosti, hili ni jambo zito. Mvue mapema, mwogeshe maji ya uvuguvugu, mkaushe, mvishe soksi na sweta, mpe kikombe cha kitu cha moto. Ngozi ya mapajani ipakwe mafuta ya mgando ili mkojo usiichubue.

Zipo nyumba ambazo kikojozi huogeshwa maji ya baridi "ili akome", au hubebeshwa godoro kichwani watoto wenzake wamzomee. Kwa mtoto huyu maji hayo ya baridi yanaweza kuishia wodini. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu wanaofanya hayo mara nyingi ni watu wanaompenda, ila hawajaambiwa.

Bibi anayelea ndiye wa kuambiwa kwanza, tena kwa adabu: "Mama, shikamoo. Nilikuwa kliniki na mjukuu wako. Wamesema figo zake haziwezi kushika maji usiku, ni ugonjwa uleule. Tukimfungia maji tunamletea yale maumivu ya mwezi uliopita. Naomba unisaidie tusimfungie." Kama hakubali, nenda naye kliniki siku inayofuata amsikie muuguzi mwenyewe. Neno la mtu aliyevaa koti jeupe huwa na uzito ambao mkwe hana.

Kwa mtoto mwenyewe: "Mwanangu, hufanyi makusudi, najua. Figo zako zinatoa mkojo mwingi usiku. Kazi yako ni kunywa maji shuleni na kukojoa kabla ya kulala. Zilizobaki ni zangu." Ukitaka kumpa zawadi, mpe kwa chupa iliyokwisha au kwa kuamka alipoitwa. Usimpe kwa shuka kavu, maana hilo haliko mikononi mwake, na siku likilowa atajiona ameshindwa. Kutoa shuka na kuliweka kwenye beseni anaweza, kama sehemu ya kazi za nyumbani, lakini si siku anayoumwa au damu iko chini. Ndugu zake waambiwe mara moja, kwa uzito: jina la utani ni marufuku nyumba hii.

Kukoroma, na jambo la wavulana

Mtoto anayekoroma kila usiku, anayeacha kuvuta hewa kwa muda mfupi kisha kushtuka, au anayelala mdomo wazi, huenda ana mafindo au nyama za pua zilizovimba. Watoto wa sikoseli hupata hali hiyo mara nyingi, na imehusishwa na kukojoa kitandani. Zaidi ya hapo, oksijeni ikishuka usiku seli zinapinda. Mrekodi kwa simu dakika chache, mwonyeshe daktari.

Wavulana wana jambo wasilolisema kwa mama: uume kusimama usiku kwa maumivu na kukataa kulala. Sikoseli ndiyo inayolileta, na kibofu kilichojaa kinaweza kulianzisha, kwa hiyo kuamka kukojoa kunasaidia hapo pia. Baba au mjomba amwambie kijana mapema, kabla halijatokea: likianza, kojoa, kunywa maji, tembea, oga maji ya uvuguvugu, meza dawa ya maumivu uliyopewa. Barafu kamwe. Likizidi muda wa saa mbili, hospitali, hata kama ni usiku na hata kama ni aibu. Kuchelewa kunaweza kuharibu nguvu zake za kiume maisha yake yote.

Dawa

Kuna desmopresini, ambayo ni nakala ya ile homoni ya usiku. Utaona ugumu wake: inaipa amri figo ambayo haiwezi kutii. Baadhi ya watoto wa sikoseli hupata nafuu nayo, wengi hupata kidogo au hawapati. Tena anayeitumia hutakiwa kuzuia maji jioni, maana akinywa mengi chumvi ya damu inaweza kushuka hadi akapata degedege. Sharti hilo linagongana na lile la kwanza la mwongozo huu. Daktari bingwa akiamua kuijaribu, sawa. Usiinunue mwenyewe.

Imipramini ni dawa ya zamani inayotajwa bado. Ikizidi kipimo inaweza kuusimamisha moyo wa mtoto. Kama imeandikwa, ifungiwe kabatini.

Haidroksiyurea, dawa ya kutibu sikoseli yenyewe, haiandikwi kwa ajili ya kitanda. Lakini katika utafiti wa BABY HUG wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, watoto wachanga waliopewa dawa hiyo walibaki na mkojo uliokolea zaidi kuliko wenzao waliopewa kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa. Ni sababu moja zaidi ya kuuliza kliniki kama mwanao anafaa kuianza, na ya kutoruka dozi kama ameshaanza.

Dawa za kienyeji za mizizi, hasa zile za kuchemsha na kunywa usiku, ziache. Nyingine zinaumiza figo ambazo tayari ni dhaifu. Na dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zitumike kwa maelekezo ya kliniki, zisiwe za kila siku, kwa sababu hiyohiyo ya figo. Maumivu yenyewe yatibiwe kikamilifu.

Bweni

Mtoto akichaguliwa shule ya bweni, usitumaini kwamba atakoma kabla ya kuripoti. Wiki mbili kabla, pata barua ya daktari inayosema tatizo ni la figo kutokana na sikoseli, na inayoomba mambo matatu: kitanda cha chini karibu na mlango, ruhusa ya chupa ya maji muda wote, na maji ya moto ya kuoga asubuhi. Mpe matroni mkononi, faraghani. Ndani ya sanduku weka mipira miwili, mashuka manne ya rangi nzito, mfuko wa zipu wa nguo zilizolowa, sabuni ya ziada na saa ya mkononi inayotetema, ambayo humwamsha yeye bila kuamsha bweni. Fanyeni mazoezi nyumbani likizo nzima: aamke kwa saa, atoe tabaka la juu, alikunje, arudi kulala, peke yake na taa imezimwa.

Rudi kliniki na daftari baada ya miezi mitatu, hata kama mambo yamepungua. Na kuanzia miaka 10 mkojo wake upimwe protini kila mwaka, kitanda kiwe kikavu au kimelowa, kwa sababu figo hizohizo ndizo atakazoishi nazo utu uzima.